Umehamisha Matairi? Usiiamini Taa ya Upepo Peke Yake

Siku hizi magari yenye taa nyingi yanafika hata vijijini. Yapo yanayobeba wagonjwa. Yapo yanayobeba mazao. Yapo yanayobeba abiria kwenda mnadani na kurudi. Mbele ya dereva iko dashibodi, na ndani yake zimo taa ndogo ndogo. Moja ni ya mafuta, nyingine ni ya breki, nyingine ni ya betri. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana pia taa ya upepo wa matairi.

Taa hii ni ya manjano. Umbo lake ni kama chungu kilicho wazi juu. Katikati yake kuna alama ya mshangao, kama hii: !

Taa hiyo ikiwaka, gari linamwambia dereva: "Tairi mojawapo limepungukiwa upepo." Magari mengine husema zaidi ya hapo. Hutaja ni gurudumu gani, na upepo wake ni kiasi gani.

Sasa sikiliza jambo linalowasumbua madereva wengi. Gari limepelekwa kwa fundi. Fundi ameyahamisha magurudumu, ya mbele ameyapeleka nyuma na ya nyuma ameyaleta mbele. Siku chache baadaye taa inawaka. Dashibodi inasema: mbele kushoto. Dereva anashuka, anapima gurudumu la mbele kushoto, anakuta upepo umejaa sawasawa. Anacheka na kusema, "Taa hii mbovu." Anapanda, anaondoka.

Je, taa ilikuwa mbovu? Hapana. Gurudumu moja lilikuwa kweli limepungukiwa upepo. Lakini lilikuwa la nyuma. Dereva ameondoka nalo, na abiria wamo ndani.

Leo tujifunze kwa nini jambo hili hutokea, na namna ya kuliepuka.

TAA HII ILITOKA WAPI?

Taa ya upepo ilienea kwa sababu watu walikufa. Huko Marekani, miaka ya 1990, zilitokea ajali nyingi za magari ya Ford Explorer yaliyokuwa na matairi ya Firestone. Matairi yalichanika njiani gari likiwa kwenye mwendo, na magari yakapinduka. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likatunga sheria mpya juu ya usalama wa matairi.

Kwa sheria hiyo, magari madogo mapya yote yanayouzwa Marekani yamekuwa na taa ya upepo tangu Septemba 2007. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zililazimisha jambo hilo kwa magari mapya yote ya abiria tangu Novemba 2014. Magari hayo yakishatumika huko, mengine huuzwa kama mitumba na kuja kwetu. Taa inakuja nayo. Lakini mara nyingi kitabu cha maelezo hakiji.

Kanuni ya Marekani inataka taa iwake upepo unapopungua kwa robo. Hebu tufanye hesabu. Tuseme tairi linatakiwa kuwa na upepo wa paundi 32. Robo ya 32 ni 8. Ukitoa 8 katika 32, unabaki na 24. Basi taa inaweza kungoja mpaka upepo ufike 24 ndipo iwake. Tairi lenye paundi 26 limepungukiwa tayari, lakini taa bado imezimika.

Kwa hiyo usiseme, "Taa haijawaka, matairi yangu ni mazima." Taa ikiwaka, ujue upepo umepungua sana.

SENSA NI KITU GANI?

Gari linajuaje upepo ulio ndani ya tairi? Magari mengi yana kifaa kidogo ndani ya kila gurudumu. Mafundi wanakiita sensa. Si ile sensa ya kuhesabu watu. Hii ni sensa ya kupima upepo.

Sensa hukaa ndani, imeshikamana na ringi, pale penye mdomo wa kujazia upepo. Huwezi kuiona mpaka tairi livuliwe kwenye ringi. Ni ndogo. Ndani yake mna betri ndogo, na mna chombo cha kupeleka habari kwa mawimbi, kama redio. Betri hiyo hudumu miaka mitano hadi kumi hivi. Ikiisha, kwa kawaida sensa nzima hubadilishwa, kwa sababu imezibwa na haifunguliwi.

Kila sensa ina namba yake. Haifanani na namba ya sensa nyingine. Inapotuma habari husema hivi: "Mimi ni namba fulani. Upepo wangu ni paundi kadha." Haisemi, "Mimi niko mbele," wala "Mimi niko nyuma." Yenyewe haijui iko wapi.

Anayejua ni kompyuta ya gari. Mafundi wengine wanaiita kontroli boksi. Ndani yake imehifadhi orodha kama daftari. Imeandikwa: namba hii ni ya mbele kushoto, namba hii ni ya mbele kulia, na kadhalika. Habari ikija, kompyuta hutazama orodha, kisha humwambia dereva.

KWA NINI TUNAHAMISHA MAGURUDUMU?

Matairi hayaishi sawasawa. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo hayo ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba uzito wa injini. Kwa hiyo matairi ya mbele huwahi kuwa kipara, na ya nyuma bado yana meno. Ukiyahamisha kwa zamu, yote manne huisha pamoja, nawe unaokoa fedha. Vitabu vingi vya magari hushauri kufanya hivyo kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 hivi.

Kazi yenyewe ni njema. Ubaya ni kuifanya nusu.

WATU WAMEHAMA, DAFTARI HALIJABADILISHWA

Tuchukue mfano wa kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari. Ameandika nani anakaa nyumba gani. Siku moja familia mbili zinabadilishana nyumba. Wa nyumba ya kwanza wanahamia ya nne, na wa nyumba ya nne wanahamia ya kwanza. Hakuna aliyemwambia mwenyekiti.

Usiku mtoto wa familia moja anaugua. Habari inamfikia mwenyekiti kwa jina la baba wa mtoto. Mwenyekiti anafungua daftari, anasoma, anatuma msaada nyumba ya kwanza. Wanafika na kuwakuta wenyeji wamelala, wazima. Mgonjwa yuko nyumba ya nne, hakuna aliyekwenda.

Je, habari ilikuwa ya uongo? Hapana. Mtoto anaumwa kweli. Mwenyekiti ni mvivu? Hapana. Daftari ndilo la zamani.

Ndivyo ilivyo kwa gari. Fundi akihamisha gurudumu zima, yaani ringi na tairi lake, sensa nayo inahama. Orodha ya kompyuta inaweza kubaki vile vile. Gurudumu lililokuwa mbele kushoto sasa liko nyuma kushoto, lakini gari bado linaliita mbele kushoto.

Lakini angalia hapa. Kama fundi amevua mipira tu na kuibadilisha juu ya ringi, ringi zikabaki mahali pake, basi sensa hazikuhama. Orodha ni sahihi bado. Kwa hiyo muulize fundi: "Umehamisha magurudumu mazima, au umebadilisha mipira tu?"

HATARI IKO KATIKA UKIMYA PIA

Taa kutaja gurudumu lisilo lenyewe ni tatizo. Taa kukaa kimya wakati ingepaswa kuwaka ni tatizo kubwa zaidi. Tutazame kwa hesabu.

Tuseme ipo pikapu ya kubeba mazao. Kibandiko chake kinasema hivi:

Matairi ya mbele: paundi 30.
Matairi ya nyuma, gari likiwa na mzigo: paundi 40.

Fundi amepeleka magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele. Amefunga nati, amelipwa, amekwenda zake. Hakugusa upepo. Sasa magurudumu ya nyuma yana paundi 30, badala ya 40. Robo ya 40 ni 10. Yamepungukiwa robo nzima, na taa ingetakiwa kuwaka.

Lakini katika gari lenye kipimo tofauti cha mbele na nyuma, kompyuta hutazama orodha yake ya zamani. Inasema: "Magurudumu haya ni ya mbele. Mbele ni paundi 30. Yote sawa." Taa haiwaki. Pikapu inapakiwa magunia ya mahindi, inaondoka.

Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja kila linapozunguka. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka haraka mara nyingi. Kiguse mahali unapokunja. Kina joto. Endelea, kitakatika. Tairi nalo hupata joto namna hiyo hiyo. Likizidi joto huachana ndani kwa ndani, kisha huchanika au hupasuka. Na hapo gari liko kwenye mwendo, pengine na watu wamekaa juu ya magunia.

Sasa geuza mfano. Fundi mwingine ni mwangalifu. Amepunguza ya mbele yakawa 30, ameongeza ya nyuma yakawa 40. Amefanya sawa kabisa. Lakini orodha ni ya zamani. Kompyuta inaona paundi 30 kwenye magurudumu inayoyaita ya nyuma. Inawasha taa. Dereva asiyejua anayajaza hayo yaliyoko mbele mpaka 40. Matairi yanakuwa magumu mno, yanagusa barabara kwa katikati tu, na gari linaruka ruka. Taa imezimika, lakini kosa limeingia.

MAGARI YASIYO NA SENSA NDANI YA GURUDUMU

Yapo magari ambayo hayana kifaa chochote ndani ya gurudumu, lakini taa ya upepo ipo. Yanafanyaje? Yanahesabu mizunguko. Tairi likipungukiwa upepo linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake katika safari ile ile. Kompyuta inaona gurudumu moja linakwenda mbio kuliko mengine, inawasha taa.

Namna hii ina upungufu wake. Matairi yote manne yakipungua polepole kwa pamoja, gari haliwezi kutambua kwa kulinganisha mizunguko tu.

Magari ya namna hii huwa na kitufe au sehemu ya kuchagua kwenye dashibodi. Ukihamisha magurudumu, ukibadilisha matairi, au ukijaza upepo, unatakiwa kubonyeza ili gari lianze kujifunza upya. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Sikiliza mazungumzo haya ya mfano.

Dereva: Shikamoo, fundi.

Fundi: Marahaba. Karibu. Vipi leo?

Dereva: Taa ya upepo inawaka tangu juzi. Nimeonyeshwa kitufe. Nimebonyeza, imezimika. Nimepona.

Fundi: Kabla ya kubonyeza ulipima upepo?

Dereva: Sikupima. Nilitaka taa izime tu.

Fundi: Basi hujapona. Unajua ulichokiambia gari? Umeliambia hivi: "Matairi yalivyo sasa ndivyo yanavyotakiwa kuwa." Kama moja lina paundi 22, gari limejifunza kwamba 22 ni sawa. Sasa litakaa kimya.

Dereva: Kumbe! Nimemziba mlinzi mdomo.

Fundi: Ndivyo. Kitufe kile ni cha mwisho, si cha kwanza. Kwanza pima. Pili jaza. Tatu ndiyo ubonyeze.

TAA INAYOPEPESA NA TAA ISIYOPEPESA

Tazama taa yako vizuri unapowasha gari. Inasema mambo mawili tofauti.

Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, maana yake upepo umepungua katika gurudumu mojawapo.

Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi, kisha ikabaki inawaka, maana yake mtambo wenyewe una hitilafu. Pengine betri ya sensa imekwisha. Pengine sensa imevunjika. Pengine umefunga gurudumu la spea lisilo na sensa. Au umenunua ringi nyingine ambazo sensa zake haziko kwenye orodha ya gari lako.

Hapa kuna jambo la kujua kabla ya kununua sensa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia mawimbi ya megahezi 315. Ya Ulaya hutumia 433. Gari la 315 halisikii sensa ya 433. Ni kama redio iliyofunguliwa kituo kingine. Soma namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani kabla ya kutoa fedha.

Na jambo jingine. Baadhi ya magari yana sensa hata kwenye spea. Unaweza kupima magurudumu manne yote, ukayakuta mazima, na taa bado inawaka. Pima na spea.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tupange kazi. Ukihamisha magurudumu, au ukibadilisha, fuata hatua hizi.

1. Soma kibandiko cha gari. Mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Andika upepo wa mbele na wa nyuma. Usifuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kiasi cha juu ambacho tairi haliruhusiwi kuzidisha. Si kiasi cha gari lako.

2. Angalia kipimo kilichotumika. Vibandiko vingine huandikwa PSI, yaani paundi. Vingine huandikwa kPa au bar. Kumbuka: kPa 220 ni sawa na bar 2.2, na ni karibu paundi 32.

3. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Tairi likipata joto upepo wake hupanda. Ukipunguza upepo wa tairi la moto, likipoa utakuta umepungua mno. Kila joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6, upepo hupungua kama paundi moja. Ndiyo sababu katika sehemu za baridi kama Njombe, tairi lililojazwa mchana wa jua kali laweza kuwasha taa alfajiri ya Juni au Julai.

4. Tumia geji. Usipige tairi teke ukadhani umepima. Tairi lenye paundi 24 na lenye 32 yaweza kuonekana sawa kwa macho. Kama hapana geji nzuri kijijini, wenye magari wachange wanunue moja. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi.

5. Jaza au punguza kila gurudumu kufuata mahali lilipo sasa, si mahali lilipotoka.

6. Hakikisha nati zimekazwa. Zikazwe kwa kuvukana, moja huku na nyingine ng'ambo, si kwa kufuatana mduara. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena.

7. Lifundishe gari nafasi mpya.

8. Pima tena, ulinganishe geji na dashibodi.

NAMNA YA KULIFUNDISHA GARI

Magari hayafanani. Yako ya namna tatu.

Namna ya kwanza hujifunza yenyewe. Unaliendesha kwa muda, nalo linatambua sensa gani iko wapi. Kabla hujamaliza safari hiyo, usiamini majina yanayotajwa na dashibodi.

Namna ya pili hutaka dereva abonyeze kitufe au achague kwenye dashibodi, kisha aendeshe. Umekwisha kusikia onyo la fundi: pima kwanza.

Namna ya tatu hutaka kifaa maalumu cha fundi. Fundi hupita gurudumu moja baada ya jingine, kwa utaratibu uliowekwa, na gari huandika namba upya. Katika baadhi ya magari utaratibu ni mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, mwisho nyuma kushoto, na honi hulia kila gurudumu linapoandikwa. Ukikosea utaratibu, orodha itakuwa na makosa tena.

Kumbuka pia: kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari, unatazama mbele. Vitabu vingine vya Marekani husema "upande wa dereva". Huko dereva hukaa kushoto. Kwetu Tanzania na Kenya dereva hukaa kulia. Usichanganye.

Na yapo magari yenye taa tu, yasiyotaja gurudumu lolote. Kama kibandiko kinataka upepo sawa mbele na nyuma, kuhama kwa sensa hakuleti shida kubwa. Lakini taa ikiwaka, pima yote.

DAFTARI NA KALAMU

Utajuaje kama gari limejifunza? Hapa kusoma na kuandika kunafanya kazi. Chora safu tatu. Ya kwanza andika gurudumu. Ya pili andika geji ilivyosema. Ya tatu andika dashibodi inavyosema. Kwa ile pikapu yetu, daftari laweza kusomeka hivi:

Mbele kushoto: geji 30, dashibodi 40.
Mbele kulia: geji 30, dashibodi 40.
Nyuma kushoto: geji 40, dashibodi 30.
Nyuma kulia: geji 40, dashibodi 30.

Unaona? Namba zimegeuka. Gari bado linatumia orodha ya zamani. Tofauti ya paundi moja au mbili ni ya kawaida, kwa kuwa vipimo havilingani kabisa. Tofauti ya paundi 10 si ya kawaida.

Kama matairi yote yana upepo sawa, namba hazitakuonyesha kitu. Basi ongeza paundi 3 katika gurudumu moja tu, uendeshe kidogo, kisha utazame ni jina lipi limepanda kwenye dashibodi. Likiwa lile lile, vema. Likiwa jingine, rudi kwa fundi. Ukimaliza, rudisha upepo mahali pake.

MWAMBIE MTU WA PANCHA

Tairi lako likipata pancha, mwambie fundi kabla hajaanza: "Gurudumu hili lina sensa ndani." Chuma cha kuvulia tairi kikiingizwa karibu na mdomo wa upepo kinaweza kuivunja. Aanzie mbali na hapo.

Mafundi wengine huweka tyubu ndani ya tairi lisilotumia tyubu. Wakifanya hivyo, sensa iliyofungwa kwenye mdomo wa upepo lazima itolewe. Ukikubali, ujue kwamba gurudumu hilo halina mlinzi tena. Iombe sensa yako, uitunze, wala usiiache chini kwa fundi.

TAA IKIWAKA NJIANI

Usishtuke, wala usifunge breki kwa nguvu. Shika usukani vizuri, punguza mwendo polepole, tafuta mahali pa wazi, simama. Weka alama za tahadhari. Kagua magurudumu yote, si lile lililotajwa tu. Tafuta lililolala, lenye msumari, au lenye joto kuliko mengine. Kama limelala, funga spea. Kama limepungua kidogo tu, jaza, kisha ulipime tena likiwa limepoa.

Na wewe abiria, una sehemu yako. Ukiona taa ile ya umbo la chungu inawaka na dereva hajali, mwulize kwa heshima: "Dereva, samahani, ile taa ya upepo umeipima?" Nauli uliyolipa ni ya kufika salama.

Taa ya upepo ni msaidizi mzuri. Inakaa macho wakati dereva anatazama barabara. Lakini inajua tu kile ilichofundishwa. Sisi ndio tunaohamisha magurudumu, basi sisi ndio wa kuipa habari. Na palipo na shaka, geji ndiyo yenye neno la mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini dashibodi inaweza kutaja gurudumu la mbele, na lililopungua ni la nyuma?
2. Tairi linatakiwa kuwa na paundi 36. Robo yake ni ngapi? Taa inaweza kungoja mpaka upepo ufike ngapi ndipo iwake?
3. Taa inayopepesa kisha ikabaki inawaka ina maana gani?
4. Kuna ubaya gani kubonyeza kitufe kabla ya kupima upepo?
5. Katika kijiji chenu, nani ana geji ya upepo? Mnaweza kufanya nini ili madereva wote waweze kuitumia?

MANENO YA KUKUMBUKA

Geji: chombo cha kupimia upepo wa tairi.
Ringi: chuma cha gurudumu kinachovikwa tairi.
Sensa: kifaa kidogo ndani ya gurudumu kinachopima upepo na kupeleka habari.
Spea: gurudumu la akiba.
Paundi (PSI): kipimo cha msukumo wa upepo kwenye kila inchi moja ya mraba.